Stesheni Wangoni

Mlango wa nyuma wa gari letu la kwanza siku hizi ni mlango wa banda la kuku la mama, huko Kizwite. Niliukuta hapo nilipokwenda kusalimia baada ya mavuno, umefungwa kwa waya kwenye nguzo, na juu ya lile bawa jeusi la kioo cha nyuma, ambalo baba hakukubali liguswe na kitambaa cha mtu mwingine, amelala jogoo. Niliinama kuingia kutafuta mayai, harufu ikanipiga. Mavi ya kuku, naam, lakini chini yake migebuka mikavu, samaki wa ziwani, pumba, na yale manukato ya kijani ya kuning'iniza mbele ya dereva. Nikakaa juu ya ndoo, mayai kwenye kanga, nikacheka peke yangu mpaka mama akapaza sauti kutoka jikoni kuniuliza kama huko nilikotoka nimerudi na akili zangu zote.

Ninyi mliokua enzi zile mtakumbuka kwamba gari la nyumbani halikuwa jambo la nyumba moja. Sumbawanga yetu ilikuwa bado ya vumbi hadi kwenye kope, na mtu akinunua gari mtaa mzima ulikuwa na la kusema kuhusu matairi. Baba yangu alikuwa na mashine ya kusaga. Mama, ambaye ni mtu wa ziwani, kwao Kipili, aliuza sokoni dagaa na migebuka ambayo ndugu zake walimpandishia kwa malori. Kwa watu wa mahindi na samaki, gari la kununua linajulikana, hata mtoto anaweza kulitaja. Ni pikapu. Mama aliitaja pikapu kila siku kwenye chakula cha jioni, kwa upole, akimwongezea baba mboga.

Lakini baba alikuwa amekwisha kuona kitu Tunduma. Alikuwa amekwenda kufuata mkanda wa mashine, akapita mahali yanapouzwa magari yaliyotumika, na hapo, kwa maneno yake mwenyewe, likamtazama. Alirudi nyumbani akiwa na mkanda na macho ya mtu mwenye homa. Likawa ni hilo tu. Gari la bluu, refu kiasi, la chini, lenye tundu kwenye boneti, bawa nyuma, na bomba la moshi nene kuliko mkono wangu.

"Mbele familia, nyuma mzigo, chini mbio," alisema baba, akihesabu kwa vidole vilivyokuwa na ugali.

"Na barabara?" mama akauliza.

"Barabara itatengenezwa."

"Basi tulinunue ikishatengenezwa."

Baba akamgeukia kaka yangu Deo, aliyekuwa darasa la sita na mtaalamu wa kila kitu, akamwomba amweleze mama maana ya tabo, ile inayoipa injini nguvu ya mbio. Deo akaeleza kwa kunguruma na kurusha mate. Mama akafuta meza.

Lililofanya mambo yawe na haraka ni macho ya Bibi. Bibi, mama yake baba, aliishi kijijini upande wa Kaengesa pamoja na shangazi yetu, na kwa miaka alikuwa haoni ila mwanga na giza. Watu wazima walisema ana mtoto wa jicho. Nilikuwa mdogo na nililichukua neno lilivyo. Niliamini kabisa kwamba ndani ya jicho la Bibi anaishi mtoto, mweupe, asiyekua, na kwamba Bibi anamlea huko kwa sababu anampenda kuliko sisi wajukuu wa nje. Nilimwonea wivu mtoto yule. Nikienda kijijini nilikuwa nikimkazia macho nimtoe kwa aibu.

Kisha ikatangazwa kanisani, baada ya misa, kwamba madaktari wa macho wanakuja mjini kwa wiki moja, na watu wa namna ya Bibi watafanyiwa upasuaji. Wiki ikiisha wanaondoka, na hakuna aliyejua watarudi lini. Baba alitoka kanisani akitembea mbele yetu. Nilijua kwa nini, maana hadithi ile tuliijua sote. Bibi aliwahi kupanda lori juu ya magunia kwenda mjini, akatapika njia nzima, akashushwa mbele za watu kama gunia jingine, na tangu siku hiyo aliapa mbele ya picha ya Bikira Maria kwamba hatapanda chombo cha watu. Basi, lori, hata gari la misheni, alikataa. Akija mjini, atakuja kwa gari la mwanawe. Kwa hiyo gari lilipaswa kununuliwa kabla ya wiki ile, na lililokuwa tayari, limekaguliwa, linasubiri Tunduma, ni lile lililomtazama baba.

"Mama Deo," alisema usiku ule, "nakuomba."

"Nenda," mama akasema. "Ila nimesema pikapu."

Hapa ndipo linaingia jina. Mtu akimuuliza baba atanunua gari gani, naye hakuacha mtu apite bila kumuuliza, alijibu kwa sauti ya juu kidogo kuliko kawaida: "Stesheni wagoni." Mimi wagoni sikuwajua. Niliwajua Wangoni. Jirani yetu wa ukuta mmoja, Mwalimu Komba, alikuwa Mngoni wa Songea, na alikuwa mtani wetu. Aliingia nyumbani kwetu bila hodi, akachukua kichwa cha samaki kwenye sahani ya baba, akasema Wafipa ni watu wakarimu sana hasa wakinyang'anywa. Baba naye alikuwa akimwambia arudishe ng'ombe. Maana tulikuwa na hadithi ya Bibi, aliyoipata kwa bibi yake, ya Wangoni waliopita Ufipa zamani na kuondoka na ng'ombe, na mmoja wa ng'ombe wale, mwenye doa jeupe kwenye paji, alikuwa wa ukoo wetu. Bibi alimsimulia ng'ombe yule kama aliyeibiwa juzi. Nikajumlisha. Baba ananunua Stesheni Wangoni, gari la akina Mwalimu Komba. Na si Mwalimu Komba huyohuyo aliyemfundisha baba kuendesha, na ndiye anayekwenda naye Tunduma kulichukua? Sikuhitaji maelezo zaidi.

Lilifika jioni, na mtaa ukatoka nje. Nilikwenda moja kwa moja kwenye tundu la boneti nikaingiza mkono, nikijua ni pua. Baba akanitoa taratibu akaeleza watu kuhusu hewa inayopita humo. Mzee mmoja akauliza kama mvua haitaingia. Mwingine akainama, akalaza shavu karibu na ardhi kutazama chini ya gari, akainuka akifuta magoti, akampa baba pole. Mama alizunguka gari mara moja, akafungua mlango wa nyuma, akapima kwa macho, akanusa. Ndani kulinukia plastiki na maua ya nchi za mbali.

"Samaki wangu wakiingia humu," alisema, "harufu hii itakuwa marehemu."

Baba, kuokoa hali, akawasha gari. Na gari likasema. Sauti ya mwanamke, nyororo, yenye heshima, ikatoka huko mbele na kutamka maneno marefu ambayo hakuna aliyeyaelewa. Wanawake wakarudi nyuma. Deo akasema ni Kijapani, gari linauliza kadi ya kulipia barabara za kwao. Lakini Mwalimu Komba, ambaye hakuwa na uwezo wa kuacha nafasi ipite, aliinama dirishani akaijibu sauti ile kwa Kingoni, kwa unyenyekevu, kama anamjibu shangazi yake. Watu wakacheka sana. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimepata uthibitisho.

Jumapili, baada ya misa ya kwanza, tukaenda kumchukua Bibi. Kesho yake, Jumatatu, madaktari walikuwa wanaanza kuchagua wagonjwa. Baba alivaa shati la harusi. Alikuwa bado mgeni kwenye usukani, na Mwalimu Komba alikaa pembeni yake kumwongoza. Mama, Deo na mimi tukakaa nyuma, na kwa dakika chache za mwanzo, hadi mwisho wa barabara nzuri, tulikuwa familia ya kifahari. Kisha yakaanza makorongo.

Ninyi mliopita njia zile mnajua zinavyokuwa kiangazi, malori yamekata mifereji miwili na katikati kumebaki tuta. Pikapu inapita juu yake bila kuuliza. Gari letu lililalia tumbo. Kwa hiyo kila tulipofika pabaya, baba alisimama, akasema "samahani jamani", na watu wazito wakashuka. Mama alishuka. Mwalimu alishuka. Deo alishuka. Mimi, kwa kuwa nilikuwa mwepesi, nilibaki kiti cha nyuma peke yangu, nikiwapungia mkono waliokuwa wakitembea kwenye vumbi letu. Upepo wa juu pale ulikuwa wa baridi, mashamba yamevunwa, matuta yamebaki wazi hadi mbali, na mama yangu amebeba viatu mkononi akitembea kwenda Kaengesa kwa gari lake mwenyewe.

Mwishoni wakachoka kupanda na kushuka, wakasema watafika kwa miguu, si mbali. Ndiyo maana tulioingia uani kwa Bibi tulikuwa wawili tu, baba na mimi.

Bibi alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, shuka la kijivu begani, rozari shingoni, begi miguuni, jogoo wa zawadi amefungwa miguu kando ya begi. Alikuwa amejiandaa tangu alfajiri. Shangazi alituambia baadaye kwamba hakulala. Nilimkimbilia.

"Shikamoo Bibi!"

"Marahaba, mjukuu wangu." Akanishika kichwa, akashuka nacho hadi mabegani kupima kama nimekua. "Mmekuja na nini? Nasikia kitu kinakoroma kama fisi mwenye mafua."

"Gari letu, Bibi! Stesheni Wangoni!"

Mikono yake ikasimama juu ya mabega yangu.

"La nani?"

"La Wangoni. Na linaongea Kingoni."

Bibi akaniachia, akalisukuma begi kwa mguu hadi ndani ya mlango. Baba alikuwa amefika, anacheka, anafuta jasho.

"Mama, shikamoo. Usimsikilize huyu, hasikii vizuri. Si Wangoni, mama. Wagoni. Stesheni wagoni."

Shangazi, aliyekuwa akitoka na chai, akarudi nayo ndani. Sasa, mgoni, kwa yule ambaye hajawahi kulisikia neno hilo kwenye baraza la kijiji, ni mtu aliyefumaniwa na mke au mume wa mwenzake. Mimi sikulijua. Baba alilijua vizuri, lakini alikuwa ametamka jina la gari lake mara nyingi sana na kwa mapenzi makubwa sana hata masikio yake yalikuwa yamekufa ganzi. Bibi akafanya ishara ya msalaba.

"Wagoni," alisema.

"Ndiyo mama, ndivyo linavyoitwa. Mjini wengi wanalo."

"Wengi! Na padre anajua?"

"Anajua sana. Yule padre wa zamani alikuwa nalo yeye mwenyewe, jeupe."

Bibi akashika rozari kwa mikono miwili.

"Na mkeo? Mkeo amekubali?"

"Mwanzoni alikataa," baba akasema kwa furaha, "lakini sasa amezoea. Hebu sikiliza lilivyo tulivu." Akaingiza mkono dirishani, akazungusha ufunguo, na mwanamke yule akasema maneno yake yote, kwa upole na heshima, mbele ya mama mkwe.

"Na mwenyewe yumo humo ndani!" Bibi akapiga kelele.

Ilikuwa ni wakati huo mama alipoingia uani na vumbi lake, viatu mkononi, Deo na Mwalimu nyuma yake. Bibi alizitambua hatua zake. Akanyoosha mikono.

"Mkwe wangu. Pole, mwanangu. Pole sana."

Mama alidhani anapewa pole ya safari. "Nimeshapoa, mama," alisema, akipiga goti kusalimia. "Nitafanyaje na mwanao? Kila palipo pabaya ananishusha, anaendelea na gari lake."

Nimewasikia wanawake wakilia misibani, lakini sauti aliyoitoa Bibi ilikuwa na kitu zaidi, ilikuwa na hasira. Ilimchukua Deo muda mrefu kueleza, kwa sababu Mwalimu Komba, ambaye angeweza kueleza vizuri zaidi, alikuwa amelala chini uani akicheka. Deo alisema ni neno la Kizungu. Alisema maana yake ni gari lenye sehemu ya mizigo nyuma. Bibi alisikiliza hadi mwisho.

"Sawa," alisema. "Kama si la wagoni, basi mtoto alisema kweli. Ni la Wangoni. Lazima liwe la mmoja wao. Sipandi."

Baba akabembeleza. Akachuchumaa mbele ya kigoda, shati la harusi likagusa vumbi, akaeleza tena kwa Kifipa, lugha ambayo kwetu mjini alikuwa haitumii ila akiumia. Bibi akatikisa kichwa. Alisema akifa kipofu atakufa kipofu safi. Alisema bibi yake aliuona moshi wa Wangoni, na yeye hatakwenda kuonekana mjini ameketi juu ya mali yao. Nilitazama uso wa baba na nikaogopa, maana haukuwa na mzaha tena. Alikuwa amepigania gari lile na mama yangu, na mtaa, na akili yake mwenyewe, na sasa lilikuwa limesimama uani, zuri, la bluu, na mama yake hatalipanda, na madaktari wataondoka. "Mama," alisema, "ni macho yako." Na mimi nikaelewa, kwa mara ya kwanza, kwamba yule mtoto wa jicho hakuwa mtoto, na kwamba Bibi hakuwa na furaha naye.

Mwalimu Komba akainuka. Akajipangusa vumbi, akavua kofia, akaja akapiga magoti yote mawili karibu na baba.

"Bibi, shikamoo."

"Wewe nani?"

"Mngoni."

Shangazi akatoa kichwa mlangoni. Bibi akakaa sawasawa kwenye kigoda chake, na nikaona kitu kinatetemeka pembeni mwa mdomo wake.

"Mngoni. Na unathubutu."

"Nathubutu, Bibi, kwa sababu nimetumwa. Babu zangu hawalali huko waliko. Wanasema tulipita kwenu, tukaondoka na ng'ombe wa watu, mwenye doa jeupe kwenye paji. Nimekuja kulipa."

"Yuko wapi?"

"Yule alishaliwa, Bibi, tusidanganyane. Nimeleta mwingine. Wa chuma."

Utani si mchezo kwa watu wa umri wa Bibi. Mtani akija na deni lake mkononi, na akapiga magoti, humfukuzi, unamkagua. Bibi akaomba mkono. Baba akamshika upande mmoja, Mwalimu upande mwingine, wakampeleka hadi kwenye gari, naye akaanza kulipapasa.

"Pembe?"

Mwalimu akampeleka kwenye vioo vya pembeni. Akavishika vyote viwili, akavitikisa kuona kama ni imara.

"Pua?"

Akaingiza mkono kwenye tundu la boneti. Nilimtazama baba kwa ushindi.

"Ana joto," Bibi akasema. "Ametoka kukimbia. Mkia?"

Akapelekwa nyuma akalishika bawa. Akalipima kwa shibiri. Akaonekana kuridhika. Akapiga tumbo la mlango kwa kiganja, akasikiliza.

"Anakula nini?"

"Petroli, Bibi."

"Nyingi?"

"Nyingi mno," mama akasema haraka kuliko wote.

"Maziwa?"

"Hatoi," Mwalimu akakiri.

"Kwa hiyo mmechukua jike mkaleta dume." Bibi akafikiri. "Ndivyo mlivyo. Lakini deni ni deni, na hili ni la muda mrefu. Mwambie babu yako nimepokea. Hili sasa ni letu, si lenu. Ukitaka kulipanda utaniomba mimi."

"Naomba, Bibi, unipeleke mjini."

"Utakaa nyuma," Bibi akasema, "na yule jogoo utampakata."

Hivyo ndivyo baba alivyopoteza gari lake, na sijawahi kumwona mtu aliyenyang'anywa akiwa na furaha namna ile. Bibi alikaa mbele, begi mapajani. Baba alipowasha, yule mwanamke akasema tena maneno yake. Bibi akageuza shingo.

"Anasemaje, Mngoni?"

"Anasema shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu," Bibi akamjibu, akaegemea kiti.

Tulirudi taratibu. Penye makorongo tulishuka wote isipokuwa Bibi, maana mwenye ng'ombe hashuki, na hilo ndilo karibu lituponze. Kwenye tuta moja baya, gari likapanda, likakaa juu ya tumbo lake, matairi yakazunguka hewani. Baba akazima. Akashuka, akatazama chini, akakaa kwenye ukingo wa barabara na kuweka mikono kichwani. Jua lilikuwa linashuka, na kulikuwa hakuna hata baiskeli.

"Ulisema pikapu," alimwambia mama.

"Nilisema."

"Akikosa macho ni mimi. Ni kwa sababu nilitaka bawa."

Mama alikuwa na haki ya kusema mengi hapo, na alikuwa ameyaandaa tangu siku ya Tunduma, niliyaona yakifika mdomoni. Badala yake alifunga kanga kiunoni kwa nguvu. "Ulitaka bawa, umepata," alisema. "Sasa inuka ushike huku tusukume."

Tukasukuma. Ndani, Bibi alikuwa akiligonga gari polepole kwenye dashibodi, akiliongelesha kama anavyoongeleshwa mnyama aliyelala njiani, inuka bwana, inuka twende. Wakatokea vijana waliokuwa wakitoka kwenye mpira, wakaliona, wakasahau uchovu.

"Oya, mambo! Ndinga kali hii!"

"Kali lakini ya chini mno," mama akasema. "Inueni basi."

Wakaliinua na Bibi akiwa ndani yake, wakalivusha tuta, wakaomba kulisikia likinguruma. Baba akawangurumishia. Kwa mara ya kwanza, mama naye alitabasamu kidogo, akadhani hatumwoni.

Jumatatu Bibi alichaguliwa. Siku iliyofuata akafanyiwa upasuaji wa jicho moja, na tukaambiwa asubuhi inayofuata bandeji itatolewa. Asubuhi hiyo baba aliamka kabla ya kila mtu. Alilisugua gari kwa sabuni ya mche, akalikausha, akalisugua tena, akapaka matairi kitu cheusi nisichokijua hadi leo. Njia nzima kutoka kijijini Bibi alikuwa akiuliza rangi yake, na baba alikataa kumwambia. Alisema ataiona mwenyewe. Akampigia magoti mlinzi wa hospitali hadi akaruhusiwa kuliegesha mbele kabisa ya ngazi za wodi, upande wa bawa ukionekana kidogo, pua ikielekea mlangoni, jua likiligonga. Akatupanga sisi pembeni ili tusilizibe. Hata Mwalimu Komba aliambiwa asogee.

Nilikuwa nimeshika kanga ya mama. Nilikuwa na hamu ya kujua Bibi atasema nini akiliona, na nilikuwa na hofu pia, kwa sababu Bibi hakuwa mtu wa kuficha, na kama hatalipenda baba atasikia hapohapo, mbele ya wauguzi.

Mlango ukafunguliwa. Muuguzi alimshika mkono, lakini Bibi alikuwa ametangulia hatua nzima, anautoa mkono wake. Jicho moja lilikuwa bado la mawingu. Lile jingine lilikuwa limelowa, jekundu, na liko hai. Alisimama juu ya ngazi akikunja uso kwa mwanga.

Baba akanyoosha mkono kuelekea kwenye gari.

"Mama," alisema. "Ndilo hilo."

Bibi hakugeuka. Alikuwa anamtazama yeye. Alishuka ngazi moja, akashuka ya pili, akamkaribia hadi nyuso zao zikakaribia kugusana, na mikono yake, kwa mazoea, ikapanda kichwani kwake kumpapasa, kisha ikasita, kama imekumbuka kwamba leo haina kazi.

"Una mvi," alisema.

"Nazo zipo, mama." Baba akacheka kwa aibu.

"Na hapa kwenye macho umejikunja. Mbona hukuniambia?"

Baba akajaribu kumgeuza kwa bega, taratibu, kuelekea kwenye lile bluu lililokuwa likimeremeta pembeni yao.

"Mama, gari..."

"Gari lisubiri," Bibi akasema. "Simama vizuri, nikuone."